Kutoka 17 hadi 7: Toyota 86 ya shemeji na kilomita ambazo hazikuwahi kuwepo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mhasibu, na naanza na hilo kwa sababu bila uhasibu wake hiki kisa kisingeandikika. Watu wengi wakiona gari inakula mafuta wanalalamika tu "inabugia" basi, imeisha hiyo, ye ana daftari. Kila akiweka wese anaandika tarehe, kilomita, lita, hela, na mwisho kuna kolamu ya maelezo, ambayo kwa miezi miwili ya kwanza ilikuwa na neno moja tu linajirudia: wizi.

Gari yenyewe ni Toyota 86 ya 2017, nyeupe, gia ya mkono, imetoka Japan ikiwa na kilomita 61,000. Kwa Dar hiyo ni gari mpya, mpya kwa maana yetu sisi, yaani imeshuka bandarini juzi, namba E, bado ina stika za Kijapani kwenye kioo ambazo mwenyewe hataki zitolewe. Injini ni boksa ya 2.0 iliyotengenezwa na Subaru, mfumo wa nozo ni wa Toyota, inazunguka mpaka mara 7,000 na ushee kwa dakika, na ndani kuna kibomba kabisa kimewekwa kiwandani kwa ajili ya kuleta mlio wa injini karibu na masikio ya dereva. Hicho kibomba kikumbuke, tutakirudia.

Akanipigia Jumapili moja. "Shem, kati ya gari na mafuta kimoja kimechakachuliwa, njoo uangalie." Mimi si fundi wa kusomea ila nimekulia gereji ya mzee na nina kale kamashine ka kuchomeka chini ya usukani kanakosoma kompyuta ya gari kwenye simu, kwa hiyo kwenye ukoo mimi ndo daktari wa magari, sina namna. Nikaenda. Madai yake kwa ufupi: gari ilitakiwa itembee karibu kilomita 17 kwa lita, inatembea 7. Kuna kilomita 10 kwenye kila lita zimepotea, na ye kama mhasibu anataka kujua zimeenda wapi.

Swali langu la kwanza halikuwa kwanini inatembea 7. Nilimuuliza hiyo 17 kaitoa wapi. Akakasirika kidogo, maana hiyo 17 ndo ilimshawishi dada akubali hii gari inunuliwe. Alimwambia haipishani sana na Toyota IST yake, ile gari ndogo ya familia. Sasa hapo unaona ishu si ya gari tu, ni ya ndoa.

Fundi aliyempelekea kabla yangu alishamwandikia orodha: kuosha nozo, plagi nne, sensa ya oksijeni, jumla kama laki nne na nusu hivi. Nikamwambia subiri, hamna kununua kitu mpaka tujue kwanza tunaumwa nini, au kama tunaumwa kabisa.

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu wiki za mwanzo hata daftari lilikuwa linadanganya. Alikuwa anaweka mafuta ya elfu thelathini, elfu hamsini, afu anapiga hesabu kwa kuangalia mshale na taa. Mshale wa mafuta haupimi lita, unakupa wazo tu, gari ikiwa kwenye mteremko unapanda, ukikata kona unashuka. Kipimo cha kuaminika ni kimoja tu kwa sisi watu wa mtaani: jaza full mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu kijana wa sheli aongeze "ili iwe namba nzima", andika kilomita, tembea mpaka angalau nusu tenki iishe, rudi sheli ile ile pampu ile ile, jaza tena ikate yenyewe. Lita zilizoingia ndo ulizotumia. Tenki la 86 ni lita 50, kwa hiyo ukijaza lita 30 kosa la nusu lita halikusumbui sana, ukijaza lita 8 hilo kosa ni kubwa.

Tukafanya hivyo mara tatu bila kubadilisha chochote. Kilomita 212 kwa lita 29.9, ambayo ni 7.1. Ya pili 6.9. Ya tatu 7.3. Sawa, kwa hiyo 7 ni ya kweli, shemeji hajakosea upande huo, na nilimwambia hivyo ili apoe.

Nikachomeka mashine. Kwa wasiojua, kontroboksi ya gari inasoma moshi unaotoka kupitia sensa ya oksijeni, afu inajirekebisha kila sekunde, ikiona moshi una mafuta mengi inapunguza, ikiona machache inaongeza, na hilo rekebisho unaweza kulisoma kwa asilimia. Yake ilikuwa inacheza kwenye 2 mpaka 3 juu ya sifuri. Hiyo ni gari nzima kabisa. Ikipita 10 ndo unaanza kutafuta mchawi. Joto la maji linafika 80 na kitu na linakaa hapo, kwa hiyo themostati inafanya kazi. Hamna msimbo wa hitilafu hata mmoja. Filta ya hewa safi. Nikamwambia ile laki nne na nusu airudishe mfukoni.

Na mafuta kuchakachuliwa? Hii ndo mahakama ya kwanza ya kila Mtanzania gari ikizingua, na historia ipo, si kwamba watu wanaota. Ila EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, yaani alama ya kemikali ya kutambua yaliyochanganywa, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka bei ikasogelea ya petroli na dizeli, ule mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli ukakosa faida. Na hata tukisema kuna sheli inachezea, mafuta mabovu hayakutoi 17 kukupeleka 7 kimya kimya. Hii injini ina kompresheni ya 12.5 kwa 1, imetengenezwa kwa petroli ya okteni ya juu, ukiinywesha petroli yenye mafuta ya taa itagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, asubuhi itawaka kwa kubembelezwa. Yake inawaka mara moja.

Kwa hiyo gari haiumwi. Tukarudi kwenye 17.

Akafungua simu akanionyesha. Kumbe kabla ya kununua, usiku mmoja, alikutana na namba rasmi ya Uingereza ya hii gari, kule wanaiita GT86: maili 39.8 kwa galoni. Akaiweka kwenye kikokotoo cha simu igeuze kuwa kilomita kwa lita, ikatoka 16.9. Akaipenda, akailala, asubuhi akamwambia mke wake.

Kosa la kwanza liko kwenye galoni. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, galoni ya Marekani ni lita 3.785, na kikokotoo chake kilikuwa kwenye Marekani. Maili 39.8 ni kilomita 64. Gawa kwa 3.785 unapata 16.9, gawa kwa 4.546 unapata 14.1. Hapo kwenye meza ya sebuleni, gari haijawashwa hata, karibu kilomita 3 kwa lita zimeyeyuka. Mhasibu akanyamaza. Unajua ule ukimya wa mtu anayegundua amekosea sarafu.

La pili. 39.8 ilikuwa ya gari ya oto. Ya gia ya mkono, kwenye kipimo hicho hicho cha Uingereza, ilikuwa 36.2, yaani 12.8 kwa lita. Hapa akabisha sana, na wengi mngebisha, kwa sababu wote tumekua tukijua manyuo inakula kidogo kuliko oto, wazee wametuambia, madereva teksi wametuambia. Kwa magari ya zamani ni kweli, oto za gia tatu nne zilikuwa zinapoteza nguvu nyingi kwenye mafuta ya gia boksi. Ila kwenye hii gari ni kinyume na sababu unaweza kuihesabu kwa kalamu.

Gia ya 6 ya oto ina uwiano wa 0.582. Gia ya 6 ya mkono ina 0.767. Maana yake kwa mwendo ule ule injini ya manyuo inazunguka zaidi. Afu kuna difu, ile gia ya mwisho kabla ya matairi, namba yake ikiwa kubwa injini inazunguka zaidi. 86 za mwanzo zilikuwa na difu ya 4.1, oto na manyuo sawa, ila walipoifanyia mabadiliko, zile za 2017 kuendelea, ya manyuo wakaiwekea difu ya 4.3 ili iruke vizuri ikitoka, ya oto wakaiacha. Tairi ya kiwandani ya 215/45 R17 ina mzingo wa mita 1.96 hivi, kwa hiyo kwenye 100 kwa saa inazunguka kama mara 849 kwa dakika. Zidisha kwa 4.3 zidisha kwa 0.767, injini ya shemeji iko karibu 2,800. Ya oto, 4.1 mara 0.582, iko 2,000 na kidogo. Barabara ile ile, mwendo ule ule, moja inapiga mizunguko 800 ya ziada kila dakika, na ile mizunguko hailipwi na mtu mwingine.

Na si mizunguko tu. Injini ya petroli inapumua kupitia kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Ukienda taratibu kwenye mizunguko mingi kile kilango kinakuwa kimefungwa karibu chote na pistoni zinavuta hewa kwa taabu kama mtu ananywa uji mzito kwa mrija, nguvu inaishia kwenye kuvuta. Ukiwa gia kubwa mizunguko michache, kilango kinafunguka zaidi, kuvuta kunakuwa kwepesi. Ndo maana gari ya spoti hata ikiendeshwa na bibi bado inakula zaidi ya gari ya kawaida yenye injini kubwa ile ile, imepangiwa gia ili muda wote iwe tayari kuruka, na kuwa tayari kuna bei yake.

La tatu ni kipimo chenyewe. Hizi namba za Ulaya za wakati ule zilitoka kwenye jaribio la zamani ambalo gari inawekwa juu ya roli ndani ya chumba, AC imezimwa, inaendeshwa dakika 20 kasoro, kilomita 11, na wastani wa mwendo 33 na kitu kwa saa. Kuna sehemu inatoka 0 mpaka 50 kwa sekunde 26. Sekunde 26! Bajaji yenye abiria watatu na mzigo itakupita huku dereva wake anatuma meseji. Hata pa kubadilisha gia pamepangwa, kwa hiyo dereva wa manyuo hana ruhusa ya kufurahia. Wenyewe Ulaya waliliona, kuanzia 2017 wakaanza kulibadilisha kwa jaribio gumu zaidi.

Wamarekani wa EPA, shirika lao la mazingira linalopima magari, ni wakali zaidi, tangu modeli za 2008 wakaingiza kwenye hesabu mwendo wa kasi, AC na baridi. Gari ya shemeji kama ilivyo, 2017, manyuo, difu ya 4.3, kwao imeandikwa maili 24 kwa galoni kwa mchanganyiko, 21 mjini, 28 barabara kuu, galoni yao ndogo. Geuza: 10.2, mjini 8.9, barabara kuu 11.9. (Zile za mwanzo zenye difu ya 4.1 zilikuwa 25, 22 na 30, kwa hiyo hata ile difu unaiona ilivyokula.)

Naongeza kitu hapa ili nisionekane nawatetea watengenezaji. Namba rasmi zinaweza kuwa za uongo kweli. 2012 Hyundai na Kia kule Marekani walilazimika kushusha namba za mafuta za magari mengi waliyokuwa wameshauza, ile Hyundai Veloster ya sura ya kispoti ikiwemo, na 2014 wakalipa faini ya dola milioni 100. Kwa hiyo kushuku si dhambi. Ila kwa hii 86 namba za kule kwao zinaeleweka, kilichokosewa ni nani alizisoma na saa ngapi za usiku.

Sasa angalia tulipofika. Alianza na 16.9. Galoni sahihi 14.1. Manyuo badala ya oto 12.8. Kipimo kigumu 10.2. Na kwa kuwa gari haitoki mjini, 8.9. Tumeshuka kilomita 8 na hatujafungua boneti. Katika zile kilomita karibu 10 alizokuwa anaandika "wizi", 8 hazikuwahi kuwepo duniani, hazikuibiwa, zilikuwa zinaishi kwenye kikokotoo cha simu yake. Nilimchorea ngazi kabisa kwenye daftari lake, akaipiga picha, nadhani hakumtumia dada.

Ikabaki kutoka 8.9 mpaka 7.1. Hiyo ndo kesi ya kweli na hapo ndo nilianza kufurahi.

Nikapanda naye gari asubuhi, Kijitonyama mpaka Posta, kilomita 9 kasoro, ametoka saa moja na robo kama kawaida yake. Mashine iko imechomekwa. Tukafika baada ya dakika 41. Wastani wa mwendo: kilomita 13 kwa saa. Kati ya hizo dakika 41, kama 18 gari ilikuwa imesimama kabisa, kwenye makutano ya Morocco peke yake tulikaa mpaka nikajua bei za vitu vyote vinavyouzwa kwenye foleni, chaja, karanga, kaptula za watoto. Gari ikiwa sailensa, yaani imesimama injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, na AC inapiga, mashine ilikuwa inasoma kama lita 1.2 kwa saa. Dakika 18 ni 0.3 ya saa, kwa hiyo lita 0.36 zimeungua bila tairi kuzunguka. Safari nzima ilikula lita 1.27. Zaidi ya robo ya mafuta yake asubuhi hiyo yalitumika kupoza watu wawili waliokaa.

Hapo ndo ile 8.9 ya "mjini" inabidi uielewe vizuri. Mji wa EPA una wastani wa kilomita 34 kwa saa. Mji wetu ulikuwa 13. Kile wanachoita mjini, kwa mtu wa Kijitonyama ni Jumapili alfajiri. Nilimwambia tujaribu kweli, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi njia ile ile kwenda na kurudi mara tatu, mashine ikatoa 9.6. Gari ile ile, dereva yule yule, mafuta ya sheli ile ile.

Afu kuna shule. Watoto wameipenda hii gari, viti vya nyuma vya 86 ni vya watoto tu kwanza, mtu mzima unamwadhibu, kwa hiyo siku tatu kwa wiki anawapeleka shule kilomita 2 na kidogo, anarudi nyumbani kuvaa tai, ndo anaenda kazini. Hizo safari mashine ilikuwa inasoma kati ya 4 na 5. Watu wanafikiri injini baridi ni tatizo la Ulaya kwenye barafu, lakini injini iliyolala usiku kucha Dar ina nyuzi 28 au 30, na yenyewe inataka kufanya kazi karibu na 90. Mpaka ifike hapo inapewa mafuta ya ziada, sailensa inakuwa juu, na oili bado nzito. Kilomita 2 zinaisha kabla haijapata joto, anazima, baada ya dakika kumi anawasha tena.

Na oili ndo ilinifanya nicheke. Kuna mtu alimshauri, na huu ushauri upo kila gereji mjini, kwamba Dar kuna joto weka oili nzito, kwa hiyo alipoitoa tu bandarini akamwaga 20W-50. Hii injini imeandikiwa 0W-20. Ile namba ya mwisho ndo uzito ukiwa wa moto, na injini yenyewe haijui kama iko Dar au Sapporo, ikishapata moto themostati inaishikilia kwenye joto lile lile. Kuweka 50 mahali pa 20 ni kama kumwambia mtu akimbie kwenye matope, atakimbia, ila atakuwa anahema. Hasara yake ni asilimia chache, kwenye zile safari fupi zaidi kidogo.

Tairi. Upepo ulikuwa 26 zote nne, kibandiko cha mlangoni kinasema 240, kile kipimo chao cha kilopaskali, ambayo ni 35 kwa geji za kwetu. Kijana wa upepo alimwambia "hizi tairi nyembamba ukijaza sana zitapasuka". Tena tairi zenyewe hazikuwa za kiwandani, aliyekuwa nayo Japan alivalisha rimu za 18 na tairi 225/40. Ukipiga hesabu ya kipenyo, 637 dhidi ya 625, ni kubwa kwa karibu asilimia 2. Hii ina utamu wake: tairi ikiwa kubwa inazunguka mara chache, dashibodi inahesabu kilomita pungufu ya ulizotembea. Tukaangalia kwa simu, dashibodi ikisema 50, simu inasema 51 kasoro kidogo. Kwa hiyo ile 7.1 kihalisi ilikuwa 7.2. Shemeji alifurahi kana kwamba nimemrudishia hela.

Ile spoila kubwa ya nyuma, kwa sababu watu wote wa ofisini kwake waliitaja kwanza: haina hatia. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, kwenye 13 kwa saa hata ungefunga mlango wa choo juu ya buti usingeona tofauti kwenye daftari. Labda kwenye barabara ndefu kidogo.

Na dereva. Hapa lazima useme ukweli hata kama ni mume wa dada yako. Akitoka kwenye taa anavuta gia ya 2 mpaka 4,500, na nikamuuliza kwanini, akasema "nasikiliza". Kile kibomba! Wajapani wamekiweka makusudi, na kinafanya kazi yake, injini inakuita. Anafika kwenye foleni inayofuata sekunde nne kabla ya daladala, anakanyaga breki, ule mwendo wote alioununua kwa petroli unageuka joto kwenye diski. Akifanya hivyo mara 30 kati ya nyumbani na Posta ni mafuta mengi, sikuweza kuyatenga peke yake kwenye mashine, ila siku moja nilimwomba abadilishe gia kwenye 2,500 njia nzima na foleni ilikuwa mbaya kuliko juzi yake, bado ikasoma 7.7. Alilalamika njia nzima.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kumaliza ubishi, Morogoro. Tulijaza Kibaha ili foleni ya Dar isiingie kwenye hesabu, tukaenda tukarudi mpaka pampu ile ile ya Kibaha, 306 kwa lita 24.9. Hiyo ni 12.3, na ni kwenye barabara ambayo nusu yake ni vibao vya 50 na askari wenye tochi chini ya mwembe, AC inapiga muda wote. EPA waliiandikia 11.9. Kwa hiyo gari ikipewa barabara inatoa zaidi ya ilichoahidiwa, sana sana kwa sababu hatukupita 90.

Tulichobadilisha mwishowe ni vitu vya bei ndogo. Upepo 35, oili ya 0W-20, na alipata mtu wa kubadilishana naye rimu, akarudi kwenye 17 na tairi 215/45. Full tatu zilizofuata zikawa na wastani wa 7.7. Afu akahamisha saa ya kutoka, badala ya saa moja na robo anatoka saa kumi na mbili na dakika kumi, watoto wanapelekwa na IST, anafika ofisini mapema anakunywa chai ya kwa mama ntilie akiwa hajalowa jasho. Ikapanda mpaka 8.4. Ukiniuliza kipi kilisaidia zaidi, ni saa. Oili, upepo na rimu kwa pamoja havikuleta kilichopatikana kwa kuamka mapema. AC aligoma kuzima na simlaumu.

Dada alishajua kuhusu 17. Alilikuta daftari mezani na ile ngazi niliyochora, akasoma mpaka chini, akauliza tu "kwa hiyo IST yangu inashinda?" akaondoka nalo jikoni, kwa hiyo sasa wanaandika magari yote mawili humo humo.

Wiki iliyopita nililipitia. Kolamu ya maelezo haina tena neno wizi. Siku za kazi imeandikwa "kawaida", "kawaida", "foleni Salenda", "kawaida". Kuna mstari mmoja wa Jumamosi, kilomita 118, lita 18.4, yaani 6.4, mbaya kuliko zote tangu anunue gari. Pembeni yake kwa mwandiko wake ule mdogo wa kihasibu kaandika: nilikuwa na furaha.